Kiingereza cha Bandani: Namna ya Kuzungumza na Mteja Mtarajiwa Katika Maonyesho ya Biashara

1. Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake katika soko la kijijini, ambako muuzaji na mnunuzi wanafahamiana na mnunuzi ana nafasi ya kuchagua taratibu. Katika maonyesho ya biashara hali ni tofauti. Mabanda ni mengi, bidhaa nyingi zinafanana, na mgeni anapita akiwa tayari amechoka kupokea vipeperushi. Hata kilicho kizuri hakina budi kusemewa. Aidha, katika maonyesho mengi ya hapa Uganda, lugha inayotarajiwa kutumika kukisemea ni Kiingereza.

Makala haya yanaeleza stadi za mawasiliano anazohitaji mfanyabiashara mdogo msemaji wa Kiswahili anapokutana na mteja mtarajiwa bandani. Neno mteja mtarajiwa limetumika kwa maana ya mtu ambaye bado hajanunua, lakini ana haja na uwezo wa kununua leo au siku zijazo. Hoja ya msingi ni kwamba kinachowakwamisha wafanyabiashara wetu, aghalabu, si uhaba wa msamiati wa Kiingereza. Kinachowakwamisha ni kwamba Kiswahili na Kiingereza havionyeshi adabu kwa njia moja. Anayetafsiri neno kwa neno huweza kuonekana mkali au asiye na msimamo, ilhali yeye mwenyewe alikusudia heshima.

Pengine msomaji atauliza, Idara ya Kiswahili ina haja gani na Kiingereza cha biashara? Jibu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye ajuaye kwa undani kile ambacho mfanyabiashara huyu anakitafsiri. Kosa lina mzizi katika lugha ya kwanza, na huko ndiko linakoweza kuelezwa.

2. Mazingira ya Kakiika, Mbarara na Nakivale

Kakiika ni sehemu ya Jiji la Mbarara, mji uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Lugha ya wenyeji ni Runyankore, Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi, na Kiswahili kimesikika kwa muda mrefu miongoni mwa askari, madereva na wafanyabiashara. Kusini-mashariki mwa Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, ipo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi barani Afrika. Wakazi wake wanazidi laki moja. Wengi wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Kwa Wakongo wengi waliomo humo, Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, na wale waliosoma walisoma kwa Kifaransa.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kwa hiyo fundi wa Nakivale anayeshona mifuko ya kitenge au anayetengeneza sabuni anaweza kuuza nje ya makazi. Mlango mmoja wa kumfikisha kwa wanunuzi wakubwa ni maonyesho, lakini mlango huo una gharama: nauli, nafasi ya banda, chakula na siku kadhaa za kuacha kazi nyumbani. Akirudi bila mauzo na bila namba hata moja ya simu, fedha hizo zimepotea, na pengine zilikuwa za kikundi kizima. Hapo ndipo suala la lugha linapoacha kuwa la darasani tu.

3. Maonyesho si soko

Maonyesho makubwa yanayofahamika katika eneo letu ni pamoja na yale ya Chama cha Wenye Viwanda Uganda yanayofanyika Lugogo, Kampala, maonyesho ya kilimo ya Jinja, na Sabasaba ya Dar es Salaam. Yapo pia maonyesho ya wajasiriamali wadogo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo yalianza mwaka 1999 na huzunguka kutoka nchi hadi nchi. Kwa miaka mingi yalijulikana kwa jina la Jua Kali/Nguvu Kazi, jina lililounganisha istilahi ya Kenya na ile ya Tanzania.

Sokoni muuzaji hupima siku yake kwa fedha alizotia mfukoni. Katika maonyesho kipimo hicho hakitoshi. Mwenye duka la Kampala anayetaka mifuko hamsini hatainunua papo hapo. Atauliza, ataondoka, na atanunua baada ya wiki mbili kutoka kwa yule aliyemwelewa na aliyemtafuta. Basi mazungumzo ya bandani, ambayo mara nyingi hayazidi dakika tatu, yana kazi mbili: kujua mgeni ni nani na anahitaji nini, na kuweka njia ya kuwasiliana naye baadaye.

4. Hatua za mazungumzo

4.1 Kumpokea mgeni

Katika Kiswahili, neno karibu linatosha kumpokea mtu yeyote. Wafanyabiashara wengi hulitafsiri kuwa "You are welcome." Kwa mtu wa Uganda hakuna tatizo, kwani Kiingereza cha hapa kinalitumia hivyo. Kwa mgeni kutoka Uingereza au Marekani, maneno hayo ni jibu la asante, naye hujiuliza ni lini ameshukuru. Ni afadhali kusema "Good morning, madam. Please come in," yaani salamu kwanza, kisha ombi la kuingia.

Jambo la pili ni aina ya swali. Vitabu vingi hufundisha "Can I help you?" Hili ni swali funge: jibu lake ni ndiyo au hapana, na bandani jibu la kawaida ni hapana, naangalia tu. Mazungumzo yameishia hapo. Swali wazi humpa mgeni nafasi ya kueleza. Mathalani, "Where have you come from today?" ni swali jepesi linalokaribiana na desturi yetu ya kumwuliza mgeni atokako. Baada ya jibu, muuzaji ampe kitu mkononi huku akisema "Please, feel this cloth." Mgeni aliyeshika bidhaa huwa mzito kuondoka.

4.2 Kujua haja yake

Hapa ndipo tafsiri sisisi inapoharibu zaidi. Kwa Kiswahili, muuzaji husema, "Unataka nini, mama?" na neno mama linalainisha swali zima. Akitafsiri "What do you want?" ulaini huo unapotea, na mgeni husikia kama anafukuzwa. Sentensi inayofaa ni "What are you looking for?"

Inafaa tueleze sababu. Katika Kiswahili, adabu hukaa katika salamu, katika majina ya ukoo kama mama, kaka, dada na mzee, katika kitenzi naomba, na katika kiishio -e, kama vile unisaidie au unipe. Katika Kiingereza adabu hukaa zaidi katika umbo la swali na katika vitenzi visaidizi kama could, would na may. Kwa hiyo "Nipe namba yako, dada" ni maneno ya kirafiki, lakini "Give me your number" ni amri. Mwanafunzi akishajua kwamba naomba ya Kiswahili hulingana na "May I have" au "Could I have", hahitaji kukariri orodha ndefu. Ataunda sentensi zake mwenyewe: "May I have your number, please?" au "Could I have your name?"

Baada ya hapo yako maswali mawili ya lazima. La kwanza ni kama mgeni ananunua kwa matumizi yake au kwa duka: "Is it for yourself or for a shop?" La pili ni kiasi: "How many would you need?" Majibu ya maswali haya ndiyo yanayomwonyesha muuzaji atumie muda gani na mgeni huyo.

4.3 Kueleza bidhaa

Maelezo yasizidi sentensi nne fupi. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kumi kinachoshona mifuko: "We are ten women in Nakivale. We make bags from kitenge. One woman makes one bag in a day. We can make fifty in a week." Sentensi hizi ni za wakati uliopo na hazina neno gumu. Ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa mnunuzi wa jumla, kwa sababu inamweleza uwezo wa kikundi. Wauzaji wengi huisahau, badala yake wakarudia kwamba mifuko ni mizuri sana, jambo ambalo mgeni analiona kwa macho.

Lipo jambo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi. Baadhi ya wauzaji wakimbizi hufundishwa, au hujifundisha wenyewe, kuanza na taabu zao. Historia ya mtu ni haki yake kuieleza, na wapo wanunuzi wanaopenda kuijua. Hata hivyo, anayenunua kwa huruma aghalabu hununua mfuko mmoja, mara moja. Anayenunua kwa sababu mshono ni imara na oda hufika kwa wakati hurudi. Mpango wa MADE51 wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, unaounganisha mafundi wakimbizi na masoko ya dunia, hupeleka bidhaa zao hadi kwenye maonyesho ya Ambiente, Frankfurt. Katika maonyesho ya aina hiyo bidhaa za mkimbizi zimepangwa karibu na za watu wengine, na mnunuzi hulinganisha ubora na bei. Sentensi ya kwanza bandani na iwe ya fundi. Habari za ukimbizi zifuate zikiulizwa.

4.4 Bei

Kupatana bei kwa Kiswahili ni mazungumzo kamili yenye utani ndani yake. Muuzaji anaweza kujibu swali la bei kwa swali, "Wewe una ngapi?" na hakuna anayekasirika. Akisema "How much do you have?" mgeni hudhani kwamba bei inapangwa kwa kutazama sura yake. Jibu la bei kwa Kiingereza liwe namba, tena mbili: ya rejareja na ya jumla. "One is 20,000 Uganda shillings. For fifty, it is 17,000 each."

Tumetaja Uganda shillings kwa makusudi. Katika maonyesho ya Afrika Mashariki, Mganda, Mkenya na Mtanzania wote husema shilingi, na thamani za shilingi hizo zimetofautiana sana. Asiyetaja nchi anaweza kukubaliana na mteja juu ya bei ambayo kila mmoja ameielewa kivyake.

Kukataa nako kuna namna yake. Kiswahili husema "Hapo sipati kitu" au "Hailipi, kaka." Kwa Kiingereza inatosha "I'm sorry, I can't go below 17,000." Ni kukataa kwa upole, na bado kiwango kimewekwa wazi.

4.5 Kuagana na kufuatilia

Mgeni akisema "I will come back," muuzaji asijidanganye. Maneno hayo ni sawa na nitarudi ya sokoni, na mara nyingi ni njia ya heshima ya kuondoka. Kabla hajaondoka aombwe namba, iandikwe katika daftari, na muuzaji aisome tena kwa sauti ili ithibitishwe. Kila mgeni aandikiwe mambo manne: jina, namba, haja yake, na siku ya kumpigia.

Siku chache baadaye upelekwe ujumbe mfupi. Mfano ni huu: "Good morning, madam. We met at the fair in Lugogo on Thursday. You asked about fifty kitenge bags. The price is 17,000 Uganda shillings each. We can deliver in two weeks. Would you like to order?" Msomaji ataona kwamba ujumbe una salamu, ukumbusho wa mahali na siku, haja, bei, muda, na swali moja la mwisho. Swali hilo ndilo linalomfanya mteja ajibu.

5. Mitego inayotokana na lugha zetu

Ipo mitego midogo ambayo haihusu adabu, lakini hugharimu fedha. Tutaitaja kwa ufupi.

(a) Saa. Saa nne asubuhi ya Kiswahili ni ten o'clock ya Kiingereza. Anayesema "four o'clock" kwa kutafsiri namba hupoteza miadi. Runyankore nayo huhesabu hivyo hivyo, kwa hiyo mtego huu unawahusu wenyeji wa Mbarara pia. Njia salama ni kutaja sehemu ya siku: "ten in the morning".

(b) Swali kanushi. Mgeni akiuliza "Don't you have other colours?" msemaji wa Kiswahili hujibu "Yes", akimaanisha ndiyo, hatuna. Mgeni huelewa kwamba zipo, akasubiri zitolewe. Ajizoeze kujibu kwa sentensi nzima: "No, we don't," au "Yes, we have blue and green."

(c) Matamshi ya l na r. Wasemaji wengi wa Runyankore na wa lugha nyingine za Kibantu huzichanganya sauti hizi. Katika biashara, rice ni mchele na lice ni chawa. Collect ni kuchukua na correct ni kusahihisha. Mwenye kuuza mchele alifanyie mazoezi neno hilo kabla ya kufungua banda.

(d) Namba. Fifteen na fifty hukaribiana masikioni. Ziandikwe kwenye karatasi au kwenye simu na kuonyeshwa.

(e) He na she. Kiswahili kina yeye tu. Kosa la kumwita mkurugenzi wa kike he husameheka, lakini ni vyema kurudia cheo au jina badala ya kiwakilishi.

(f) Nakuja. Muuzaji anayekwenda kutafuta chenji husema "I am coming" huku akiondoka. Mgeni wa mbali hushangaa. Aseme "One moment, please. I'll be right back."

(g) Hakuna shida. "No problem" kwa kila ombi ni hatari. Kwa Kiswahili nitajaribu inaweza kuwa kukataa kwa heshima. Mnunuzi wa Kiingereza akisikia yes huandika oda. Kama mifuko mia tatu haiwezekani kwa wiki moja, isemwe "We can do fifty a week."

6. Pale Kiswahili kinapofaa zaidi

Haya yote hayana maana kwamba Kiswahili kiachwe nyumbani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na marekebisho ya mwaka 2005 yakakiongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huo huo wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnunuzi kutoka Goma, Bukavu au Mwanza atafurahi zaidi kupokewa kwa Kiswahili, na hapo muuzaji wa Nakivale ana nafasi bora kuliko jirani yake asiyejua ila Kiingereza.

Utaratibu unaofaa ni kusalimu, kusikiliza jibu, kisha kuchagua lugha. Wanafunzi wetu waliofundishwa Kiswahili sanifu wakumbuke kwamba mteja hasahihishwi. Mkongo akisema aksanti, ashukuriwe naye. Mtanzania kijana akimwamkia muuzaji mzee kwa shikamoo, jibu ni marahaba, na mazungumzo yaendelee.

7. Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, tusifundishe stadi hizi kwa orodha za kukariri. Darasa lipangwe kama banda: meza, bidhaa halisi, muuzaji mmoja na wageni watatu wa aina tofauti, yaani mpita njia, mwenye duka, na mnunuzi wa jumla asiye na muda. Kila igizo lichukue dakika tatu.

Pili, mwanafunzi aanze kwa kusema Kiswahili chake cha kawaida, kisha darasa lijadili adabu imekaa wapi katika sentensi hiyo, na ihamishiwe wapi katika Kiingereza. Zoezi hili linawafaa pia wanafunzi wetu wa isimu, kwani linawaonyesha pragmatiki ikifanya kazi.

Tatu, upimaji usihesabu makosa ya sarufi peke yake. Mwisho wa igizo mwalimu atazame daftari: je, yamo jina, namba, haja na siku? Kama yamo, muuzaji amefaulu hata kama alikosea kitenzi. Kama hayamo, hata Kiingereza fasaha hakikumsaidia.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba Kiingereza cha bandani ni kidogo kwa msamiati, lakini kinadai ujuzi wa kuihamisha heshima kutoka umbo moja la lugha hadi jingine. Wafanyabiashara wa Kakiika na Nakivale tayari wanajua kupokea wageni, kuuliza habari na kupatana bei. Ni mambo wanayoyafanya kila siku kwa Kiswahili na Runyankore. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha ni wapi mambo hayo hukaa katika Kiingereza. Walimu na wanafunzi wenye mifano mingine waliyokutana nayo masokoni na katika maonyesho wanakaribishwa kuiwasilisha idarani, ili ikusanywe na kutumiwa katika mafunzo.